Mzazi mmoja, mtoto mmoja, mtumbwi mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari ya Boundary Waters

Ukurasa huu ni wa mzazi anayetaka kumchukua mwanawe siku nne au tano porini kwa mtumbwi, wao wawili tu. Vitabu vingi vya mwongozo huchukulia kwamba mtumbwi una watu wazima wawili. Hapa yuko mmoja. Yeye ndiye injini, mchukuzi, mpishi na mwokoaji, kwa hiyo karibu kila jibu hapa chini linatofautiana na lile ambalo wangepewa watu wazima wawili.

Boundary Waters ni wapi, na ugumu wake uko wapi?

Boundary Waters Canoe Area Wilderness iko kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ndani ya msitu wa taifa wa Superior, kandokando ya mpaka wa Canada. Ina maziwa zaidi ya 1,000, njia za mitumbwi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,900, na maeneo ya kambi yapatayo 2,000. Inalindwa kama nyika tangu sheria ya mwaka 1964, na sheria ya mwaka 1978 ikabana zaidi matumizi ya injini. Ukishaondoka ufukweni hakuna barabara, duka, umeme wala mnara wa simu. Kutoka Minneapolis hadi mji wa Ely ni kama saa nne kwa gari.

Wengi wanaosikia maneno "mtumbwi porini" hufikiria mamba na kiboko. Huku hawapo, na nyoka wenye sumu pia hawapo. Maji mengi ni ya ziwa lililotulia. Kazi ngumu ni kubeba mtumbwi na mizigo nchi kavu kutoka ziwa hadi ziwa, kupambana na upepo kwenye maziwa mapana, ubaridi wa maji, na umbali wa kupata msaada.

Mtoto awe na umri gani?

Angalia uwezo kabla ya miaka. Awe anakaa kwenye mtumbwi saa moja bila kusimama, anatembea kilomita 2 kwenye njia ya mawe bila kubebwa, na ukisema "kaa chini" anakaa papo hapo, si baada ya kuuliza kwa nini. Wengi hufika hapo wakiwa na miaka 7 au 8. Chini ya hapo nendeni na mtu mzima wa pili, au mlale ziwa moja tu bila kubeba chochote.

Kuanzia miaka 10 hadi 12 mambo hubadilika, kwa sababu mtoto anavuta kafi kwa nguvu inayohisika na anaweza kutumia kifaa cha dharura bila kusaidiwa.

Sijui kuogelea vizuri. Naweza kwenda?

Ukiwa mtu mzima pekee, hapana. Jifunze kwanza. Si lazima uwe bingwa, lakini uweze kuelea ukiwa na jaketi okozi na nguo zote mwilini, na usogee mita 100 huku umemshika mtoto. Jaribuni hivyo ziwani karibu na nyumbani, siku ya joto, mkiwa na mtu anayetazama.

Jaketi okozi la mtoto nalipimaje?

Kwa uzito wa mwili. Kuna saizi ya kilo 14 hadi 23, na nyingine ya kilo 23 hadi 41. Mfungie mikanda yote, kisha shika mabega ya jaketi uyainue juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno. Kwa mtoto mdogo chagua lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo maji yatalivua. Usinunue kubwa "ili alikulie".

Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi wakati wote chombo kikiwa safarini. Sheria yenu nyinyi iwe kali zaidi: wote wawili mnavaa, zipu imefungwa, kila mnapokuwa majini, na mtoto halivui hata nchi kavu akiwa hatua kumi kutoka ukingo. Jaketi la mzazi lililowekwa chini ya kiti ndilo kosa linaloonekana zaidi. Mzazi akipotea, mtoto amebaki na nani?

Kibali kinapatikanaje, na kwa bei gani?

Kulala ndani kati ya tarehe 1 Mei na 30 Septemba kunahitaji kibali chenye idadi maalum ya makundi kwa siku, kwa kila lango (mahali maalum pa kuanzia safari). Vibali hufunguliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov Jumatano ya mwisho ya Januari, saa tatu asubuhi kwa saa za Minnesota, na milango maarufu hujaa mapema. Ada zimekuwa dola 16 kwa mtu mzima kwa safari nzima, dola 8 kwa mtoto, na dola 6 za kuweka nafasi, yaani dola 30 kwa nyinyi wawili. Hakikisha kiasi wakati wa kulipa.

Kibali kina tarehe na lango la kuingilia. Lazima muingie hapo na siku hiyo, lakini mnaweza kutoka popote na siku yoyote. Kiongozi aliyeandikwa ndiye anayekwenda kukichukua mwenyewe, akiwa na kitambulisho, kwenye ofisi ya msitu au kwa mkodishaji wa mitumbwi aliyeruhusiwa. Hakihamishwi kwa mtu mwingine. Kama baba na mama wote wanaweza kuongoza safari, andika jina la pili kama kiongozi mbadala tangu mwanzo, kwa sababu homa huja bila kubisha hodi.

Twende mwezi gani?

Katikati ya Agosti hadi wiki ya kwanza ya Septemba. Maji bado yana joto, mbu wamepungua, na visubi weusi wamekwisha. Mei ni mwezi mzuri kwa wavuvi na mbaya kwa mtoto: barafu huweza kuwa imeyeyuka wiki chache tu zilizopita na maji yanaua. Juni ina mbu na visubi kwa pamoja. Julai kuna joto na dhoruba za radi. Hata Agosti, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, kwa hiyo sweta si anasa.

Njia ipi inafaa kwa safari ya kwanza?

Lango namba 38, ziwa Sawbill, ni chaguo letu la kwanza. Linafikiwa kutoka mji wa Tofte kwa barabara ya Sawbill Trail, kama kilomita 39 kuelekea kaskazini. Kuna uwanja wa kambi wa kawaida mwanzoni, hivyo mnaweza kulala hapo usiku wa kwanza na kuanza asubuhi bila haraka. Kivuko cha nchi kavu (njia ya kubebea mtumbwi na mizigo kati ya maziwa mawili) cha kwenda ziwa Alton ni kifupi, kama mita 150. Mnapiga kambi Alton usiku mbili, mnarudi. Mtoto akitaka zaidi, kutoka Alton mnaweza kuendelea hadi Beth na Grace, lakini hapo ndipo mchezo unakwisha: kivuko cha Alton hadi Beth ni kama mita 700, na cha Beth hadi Grace kinapita kilomita 1.2.

Lango namba 30, Lake One, karibu na Ely, nalo linapendwa na familia. Vivuko viwili vifupi vinawafikisha Lake Two, na kutoka hapo mnaingia Lake Three na Lake Four bila kubeba tena. Lina mitego miwili. Kwanza, Lake One yenyewe imejaa visiwa na ghuba zinazofanana, na wageni wengi hupotea saa ya kwanza kabisa. Pili, Lake Three ni pana na upepo hauna kizuizi. Sehemu ya ukanda huo iliungua katika moto wa Pagami Creek wa mwaka 2011, kwa hiyo msishangae kuona miti michanga imesongamana mahali ambapo mlitegemea msitu mkubwa.

Ramani zinataja "rodi". Ni nini?

Kipimo cha zamani kinachotumika bado kwenye vivuko vya nchi kavu. Rodi 1 ni mita 5, takriban urefu wa mtumbwi. Zidisha kwa 5: rodi 80 ni mita 400.

Sasa sehemu ambayo watu husahau. Ukishindwa kubeba kila kitu kwa mkupuo mmoja, unakwenda na mzigo, unarudi mtupu, unakwenda tena. Mita 400 zimekuwa mita 1,200. Katika kupanga siku, hesabu vivuko mara tatu.

Kwa siku tusafiri umbali gani?

Kilomita 8 hadi 10, pamoja na vivuko. Watu wazima wawili hufanya mara mbili ya hapo. Mtumbwi wenye mzazi na mtoto huenda kilomita 3 hadi 4 kwa saa maji yakitulia, na mtoto huchoka kukaa kabla hajachoka kuvuta. Simameni kila baada ya dakika 45.

Maeneo ya kambi hayawekewi nafasi, anayefika kwanza ndiye anayelala. Anzeni kutafuta saa saba mchana, muwe mmeshuka kabla ya saa tisa. Kulala nje ya maeneo yaliyowekwa ni kosa. Eneo halali utalijua kwa wavu wa chuma wa moto uliosimikwa chini na choo kilicho nyuma kichakani.

Mtumbwi wa aina gani?

Kodi wa kevla (nyuzi za kiwandani, nyepesi na imara) wenye urefu wa futi 17. Una kilo 19 au 20. Wa alumini wa urefu huohuo una kilo 34 hivi. Huvumilia mawe, lakini mtu mmoja kuubeba mabegani siku nne ni adhabu. Kodi mara nyingi huwa kati ya dola 40 na 70 kwa siku. Omba nira (mti unaokatiza katikati ya mtumbwi, unaokaa mabegani ukiubeba) yenye mito ya mabegani, makafi matatu (la tatu ni la akiba), na kafi fupi la mtoto. Kipimo cha kafi la mtoto: akiwa ameketi, mpini ufike kati ya kidevu na pua, bila kuhesabu bapa, ile sehemu pana inayoingia majini.

Kevla haipendi mawe. Haivutwi ufukweni wala haigongeshwi kwenye mwamba. Mnasimama mtumbwi ukiwa bado unaelea, maji yakiwafika kwenye muundi, mnashuka, mnapakua, ndipo unauinua. Kwa hiyo miguu italowa kila siku. Vaeni viatu vya kufunga vinavyotoa maji, na soksi za sufu. Kandambili na ndala ziacheni kambini; kwenye mawe yenye utelezi ni njia ya haraka ya kuvunjika kifundo.

Mtumbwi wetu unakwenda kombo na omo (ncha ya mbele) imeinuka juu. Kwa nini?

Hili ndilo tatizo kuu la mzazi na mtoto. Mzazi wa kilo 80 ameketi tezini (nyuma), mtoto wa kilo 28 ameketi omo. Omo inainuka, upepo unaisukuma kama tanga, na mzazi anatumia nusu ya nguvu zake kurekebisha mwelekeo.

Dawa yake ni mzigo. Mfuko mzito kuliko yote uweke mbele ya nira, nyuma tu ya mgongo wa mtoto. Mfuko wa pili katikati. Nyuma ya nira usiweke kitu. Kisha mwombe mtu aliye ufukweni atazame mtumbwi ukiwa majini: omo na tezi ziwe karibu usawa mmoja. Upepo ukitoka mbele, omo iwe nzito kidogo. Ukitoka nyuma, tezi iwe nzito kidogo. Chupa ya maji ya lita 10 ni uzito unaohamishika kirahisi.

Mifuko yote ikae chini sakafuni. Chochote kilichopanda juu ya ukingo kinaufanya mtumbwi uende mrama.

Naendeshaje peke yangu ikiwa mtoto amechoka?

Kaa tezini, vuta upande mmoja, na mwisho wa kila mvuto geuza kidole gumba cha mkono wa juu kielekee chini, usukume bapa nje kidogo kama unachora herufi J. Bila hiyo, kila mvuto utaupeleka mtumbwi upande wa pili. Fanya mazoezi mchana mmoja kabla ya safari. Ukikosa mazoezi utakuwa unabadilisha upande kila mivuto mitatu, maji yakimdondokea mtoto mgongoni, na yeye ataanza kulalamika kwa haki.

Mtoto asiyevuta apewe kazi nyingine: ramani, kutafuta miamba iliyo chini ya maji, kuhesabu visiwa. Mtoto asiye na kazi ndiye anayesimama.

Kivuko kimoja kinafanywaje, hatua kwa hatua, na mtoto anabaki wapi?

Mizigo yenu ikae katika vitu vinne tu: mtumbwi (kilo 20), mfuko wa hema na vifaa (kama kilo 18), mfuko wa chakula (kama kilo 12 mwanzoni), na begi la mtoto. Begi la mtoto lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake: jaketi la mvua, maji, filimbi, kitafunwa, mdoli kama yupo. Vitu vya mkononi ni adui. Kila kafi, chupa na fimbo ya kuvulia iwe imefungwa ndani ya mtumbwi au kwenye mfuko, maana kilichoachwa kivukoni ni kile kilichobebwa na kidole.

Mzunguko wa kwanza beba mifuko, si mtumbwi. Mfuko mzito mgongoni, wa chakula kifuani kama njia ni fupi na unaona miguu yako. Hivyo unaijua njia: mzizi uko wapi, tope liko wapi, tawi la kugonga liko wapi. Ukiwa chini ya mtumbwi unaona mita 3 tu mbele. Mzunguko wa pili beba mtumbwi.

Mtoto anatembea nawe mizunguko yote. Ndiyo, naye anatembea mara tatu. Mtoto wa miaka 11 aliyetulia anaweza kungoja kwenye mizigo ikiwa kivuko ni chini ya mita 200, jaketi likiwa mwilini, ameketi kwa kuegemea mfuko upande wa msituni, na filimbi shingoni. Zaidi ya hapo, au kukiwa na maporomoko ya maji pembeni, msitengane. Unapobeba mtumbwi mtoto atangulie hatua tano mbele yako, umwone na usikie hatua zake. Akiwa nyuma huwezi hata kugeuka.

Kuinua mtumbwi:

1. Simama ubavuni, mkabala na nira, upande wa wazi wa mtumbwi ukitazama juu. Mtoto asogee mita 4.
2. Kunja magoti, shika ukingo wa karibu, uvute mtumbwi upande juu ya mapaja yako.
3. Mkono mmoja ushike ukingo wa mbali, mbele kidogo ya nira. Mwingine ubaki ukingo wa karibu.
4. Sukuma kwa goti, zungusha, uupitishe juu ya kichwa, mito itue mabegani.

Ukishindwa mara mbili, pumzika. Mgongo huumia kwenye jaribio la tatu. Njia rahisi ni kuacha tezi chini, kuinua omo tu, kisha kutembea kinyumenyume chini yake hadi ufike kwenye nira. Kevla itachubuka kidogo nyuma, lakini ni heri kuliko kiuno.

Vivuko havina vibao. Mahali pa kushukia ni upenyo mdogo kati ya miti, na hapo ndipo macho ya mtoto hushinda ya mzazi.

Upepo ukiwa mkali kiasi gani tusivuke ziwa?

Mkiona mawimbi yanapasuka povu jeupe, msivuke. Hata kidogo. Watu wazima wawili wenye uzoefu huvuka. Nyinyi hapana, kwa sababu mzazi akipumzika kuvuta kwa sekunde kumi mtumbwi unageuka ubavu kwa mawimbi.

Upepo mara nyingi hutulia alfajiri na kupanda kuanzia saa nne au tano asubuhi. Amkeni saa kumi na moja, kunyweni chai, muwe majini saa kumi na mbili. Fuateni ufuo ule ambao upepo unatokea upande wake, maana miti inawakinga. Mkikutwa katikati, pigeni magoti sakafuni, elekezeni omo kwenye mawimbi kwa pembe kidogo, na endeleeni kuvuta polepole bila kusimama. Kafi lililo majini ni kama mguu wa tatu.

Kwenye mpango weka siku moja ya akiba, ya kukaa tu. Mzazi anayelazimika kuwa kazini Jumatatu ndiye anayevuka Jumapili na povu jeupe.

Tukipinduka?

Mitumbwi mingi hupinduka karibu na ufuo, wakati wa kupanda au kushuka, au mtu anapoinamia kofia iliyoanguka. Mtoto apande kwanza, akiwa amejikunja chini na mikono kwenye kingo zote mbili. Wewe unashikilia mtumbwi kati ya magoti yako. Kitu kilichoanguka kinafuatwa na mtumbwi, hakifuatwi na mkono.

Mkishapinduka, mpangilio ni mtoto, mtumbwi, kafi, mizigo. Shika jaketi la mtoto mabegani. Muweke ashike mtumbwi upande ule mawimbi yanapotoka, mtumbwi usimgonge wala kumpanda. Kaeni na mtumbwi: hata uliojaa maji unaelea. Pigeni miguu mkiusukuma kuelekea ufuo ulio karibu. Kujaribu kuumwaga na kuupanda tena katikati ya ziwa, mtu mzima mmoja na mtoto, hakufanikiwi mara nyingi na kunakula muda mlio nao.

Muda wenyewe ni huu, kwa mtu mzima ndani ya maji baridi sana: dakika 1 ya kuhema ovyo ambayo lazima uitulize, kama dakika 10 ambazo mikono bado inafanya kazi, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Mtoto hupoa haraka zaidi. Ndiyo maana msisafiri mbali zaidi ya mita 50 kutoka ufuo pale mnapoweza kuuzunguka.

Ufukweni vua nguo zote mbichi, mvishe kavu, muweke ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Kutetemeka ni dalili njema. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, akawa mlegevu au maneno yanamkwama, bonyeza kitufe cha SOS (kuomba uokoaji) kwenye kifaa cha setilaiti kinachoelezwa hapa chini.

Nikiumia mimi, mtoto atafanyaje?

Hili lifanyieni mazoezi sebuleni, si kulizungumza tu. Kodi kifaa cha mawasiliano ya setilaiti. Hakuna mtandao wa simu wa kutegemea. Mtoto akitoe mfukoni, afungue kifuniko, akuonyeshe kitufe cha SOS bila kukibonyeza, aeleze kwamba kinahitaji anga wazi na kwamba baada ya kubonyeza anakaa hapo hapo. Kifaa kikae kwenye jaketi lako, mfuko uleule kila siku, kwa sababu kikiwa kwenye begi na begi liko upande wa pili wa kivuko hakina faida.

Mengine matatu: filimbi mara tatu ni kuomba msaada, akipotea anakumbatia mti na kubaki, hapandi mtumbwini peke yake kwenda kutafuta watu, hata iweje.

Nyumbani acha karatasi yenye lango, maziwa mtakayolala, rangi ya mtumbwi, gari na namba yake, na saa ambayo mkeo, mumeo au ndugu apige simu kwa ofisi ya sherifu wa eneo hilo.

Chakula gani, na kiasi gani?

Gramu 650 hivi za chakula kikavu kwa mtu mzima kwa siku, na theluthi mbili ya hapo kwa mtoto wa miaka 9. Makopo na chupa za kioo haviruhusiwi, kwa hiyo samaki wa kopo abaki nyumbani. Sembe inafaa sana: nyepesi, inaiva kwa dakika kumi, haiharibiki. Chapati zilizopikwa nyumbani hukaa siku mbili, tatu kukiwa na baridi. Badala ya maharage chukua dengu zilizopasuliwa, maana maharage makavu yatamaliza gesi yote. Dagaa waliokaushwa ni protini nyepesi, ila wafungeni mifuko miwili. Mchele, karanga, tende, maziwa ya unga, majani ya chai, tangawizi. Mtungi wa gesi wa gramu 230 unawatosha siku tatu au nne mkichemsha maji na kupika kwa kifuniko.

Msitegemee kuni tu: siku za ukame moto hupigwa marufuku. Ukiruhusiwa, uwashwe kwenye wavu wa chuma wa kambi pekee, kwa kuni zilizoanguka zisizozidi unene wa kifundo cha mkono. Chukueni msumeno wa kukunja na muache shoka.

Maji ya ziwa chujeni, au yachemke dakika moja. Yanaonekana masafi, lakini vimelea vya giardia havionekani.

Na dubu?

Ni dubu weusi, na wanachotaka ni mfuko wa chakula. Kanuni za msitu zinataka chakula, taka na vyote vyenye harufu vininginizwe juu au vikae kwenye pipa lililothibitishwa kuzuia dubu. Kwa mzazi aliye peke yake, kodi pipa. Kuninginiza vizuri, mita 4 kutoka ardhini na mita 2 kutoka shina, ni kazi ya dakika 40 mtu akiwa amechoka, na tawi zuri halipatikani. Dawa ya meno, losheni na peremende iliyosahauliwa mfukoni mwa mtoto navyo ni chakula. Kagua mifuko ya suruali kila jioni kabla ya kuingia hemani.

Dubu akija kambini, mtoto aje nyuma yako, simameni pamoja, pigeni sufuria na kelele. Msikimbie. Wasumbufu wa kila siku ni panya na vindi, ambao watatoboa mfuko mpya kwa sababu ya karanga moja.

Wadudu?

Shati la mikono mirefu la rangi nyepesi, suruali ndani ya soksi, chandarua cha kichwa kwa kila mmoja. Dawa yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 inatosha kwa mtoto, usimpake mikononi. Kila usiku mkague kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, mstari wa nywele. Mwingine ni mdogo kama mbegu ya ufuta na anaweza kueneza ugonjwa wa Lyme. Mvute kwa kibano, karibu na ngozi, bila kuzungusha.

Mwenye nywele ndefu asukwe mistari kabla ya safari.

Radi ikianza?

Tokeni majini mkisikia ngurumo ya kwanza, mrudi dakika 30 baada ya ya mwisho. Kambini msikae kwenye ncha ya mwamba wala chini ya mti mrefu kuliko mingine. Kabla hamjasimika hema, tazameni juu: mti mkavu au tawi lililoning'inia ni sababu ya kuhamisha hema au kambi nzima. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba ya upepo iliangusha mamilioni ya miti katika eneo hili mchana mmoja.

Mavazi ya heshima na swala tunafanyaje?

Dera, kanzu na baibui hunasa miguu mkiwa majini na hubeba maji mengi. Suruali nyepesi ya kukauka haraka na shati refu la kufika magotini, pamoja na hijabu ya michezo, hufanya kazi vizuri. Epukeni pamba, ikilowa haikaushi wala haitunzi joto.

Kibla kutoka hapa ni kaskazini-mashariki, na dira mnayo. Kumbukeni kwamba mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na mtoto atakuwa amelala kabla ya isha.

Maziwa ya mpakani, kama Basswood au Saganaga, twende?

Kwa safari ya kwanza, na hasa ikiwa hati zako za uhamiaji bado ziko kwenye mchakato, chagueni njia zilizo kusini. Maziwa hayo yamekatwa na mpaka ambao hauna uzio wala bango, na kushuka ufuo wa Canada bila taratibu zake ni kuvuka mpaka wa nchi. Pia ni mapana, na mnajua sasa tunasema nini kuhusu upepo.

Mtoto akikataa kuendelea siku ya pili?

Mpe chakula, mvishe nguo kavu, mlale saa moja. Kukataa kwingi ni njaa au baridi. Kama bado anakataa, geuzeni kambi hiyo kuwa makazi: vueni samaki (mwenye miaka 16 na zaidi awe na leseni ya Minnesota, na ndoana ibanwe kijino chake kinachorudi nyuma kwa koleo kabla ya kumpa mtoto), ogeleeni, tembeeni kivuko cha karibu bila mzigo. Ruhusa ni kukaa eneo moja hadi usiku 14, kwa hiyo hakuna atakayewafukuza. Kurudi mlikotoka baada ya usiku wawili kunahesabika kuwa safari kamili. Kibali hakidai mzunguke.